Kura ya Tatu ya Zacharia Kang'ethe

Jumatatu, 8 Oktoba 1956. Thika.

Nimeshtuka tangu asubuhi na bado sijapoa. Gari la Serikali lenye kipaza sauti lilipita hapa landi, kwenye nyumba zetu za wafanyakazi wa kiwanda, saa moja, likatangaza kwamba Waafrika tutapiga kura mwezi wa tatu mwakani. Sisi! Kumchagua mtu wetu akakae kwenye baraza kubwa la Nairobi. Nilikuwa nanyoa ndevu. Nimejikata mahali pawili.

Mshtuko wa pili: kura si moja kwa kila mtu. Mtu aweza kuwa na moja, au mbili, au tatu, kulingana na uzito wake. Umemaliza intermediate, ile shule ya kati? Kura. Mshahara mkubwa au mali? Kura. Ulitumika jeshini ukatoka na barua nzuri? Kura. Umefika miaka arobaini na tano? Kura. Ukifikisha tatu, basi, hakuna zaidi. Mimi ni karani wa mizani kiwanda cha kahawa, napima magunia mwaka wa kumi sasa. Sikujua watu nao hupimwa.

Nimejipima. Intermediate ninayo, cheti kimelala ndani ya Biblia. Jeshi: 1941 mpaka 1946, Burma, ambako niliacha nywele zangu za utosini. Kura mbili! Kwa kijana wa miaka thelathini na tatu si haba. Cheti cha uaminifu, ambacho Mkikuyu haandikishwi bila hicho, nilipewa mwezi wa saba baada ya kuhojiwa mara tano. Sitaki kuandika habari za kuhojiwa.

Nimemweleza Mbuvi, fundi wa mashine, jirani yangu wa ukuta mmoja. Mkamba wa Yatta, huanza kucheka kabla hujamaliza kusema. Yeye amepata kura moja tu. Nimempa pole kwa sauti kubwa ili majirani wasikie.

Jumatano, 10 Oktoba. Thika, nimetoka Ruiru.

Niliomba ruhusa kazini, nikaomba na pasi ya kusafiri, nikaenda kwenye baraza la kuhimiza watu wajiandikishe. Nilimwambia Meneja ni kwa ajili ya nchi. Ni kwa ajili ya Wakonyo.

Niandike wazi, maana daftari hili halisomwi na mtu. Wakonyo anafundisha darasa la pili shule ya misheni pale Ruiru. Mwezi wa nane nilimuuliza kama ataolewa nami. Alijibu kwamba baba yake akikubali, yeye hana neno. Hiyo ni nusu ya “ndiyo”, na nimeitunza vizuri. Baba yake, Mzee Gichuru, alisema atatoa jibu baada ya mavuno. Shida ni kwamba Muigai naye ameuliza. Muigai ana duka na lori, na ana meno yote.

Mzee Gichuru ndiye mkuu wa kamati ya kuhimiza. Watu walikuwa wamenuna. Wanaogopa majina yao kuandikwa, na kwa miaka hii ya Hali ya Hatari siwalaumu. Mzee aliwaeleza kwa upole jinsi kuchagua kulivyobadilika. Zamani wazee walikaa chini wakabishana mpaka wakachoka, na aliyebaki akiongea ndiye aliyekuwa mkubwa. Halafu ikaja mistari: kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Yeye alisimama nyuma ya rafiki yake, akageuka, akaona shemeji zake wote mstari wa pili wamemkazia macho. Hawakusalimiana miaka miwili. Halafu ikaja kunong'ona: unamnong'onezea karani jina la umtakaye. Karani alikuwa na mdomo, na ilipofika jioni soko lote lilijua. Sasa, akasema, ni karatasi na sanduku, na hakuna atakayekujua ila Mungu. Watu walianza kutikisa vichwa kwa kukubali. Hata mimi nilikubali, na nilikuwa nimekuja kumtazama binti yake.

Kisha akasema neno lililonichoma. Alisema mtu wa kura tatu ndiye mtu kamili. Akatazama upande wangu! Au upande wa choo, kilichokuwa nyuma yangu. Muigai akasimama, akakohoa, akasema amejiandikisha Jumatatu na amepewa tatu. Watu wakapiga makofi. Haiya! Tatu!

Nimerudi kwa baiskeli kabla ya kafyu. Mbili zangu zimekuwa ndogo njiani.

Jumamosi, 13 Oktoba.

Natafuta ya tatu. Jana nilimwomba Meneja aandike barua kwamba mshahara wangu ni mkubwa kuliko ulivyo. Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Leo nimejaribu mali. Nyumba ni ya kiwanda. Baiskeli ni yangu, ila mnyororo ni wa Mbuvi.

Saa kumi nilikwenda kwa kinyozi anipunguze pembeni, ndiko nywele zilikobaki. Mteja aliyekuwa kitini alinyanyuka akasema, “Karibu ukae, mzee.” Nilitaka kumgombeza. Kisha nikasimama wima nikiwa nimeshika kofia. Mzee! Umri!

Nani ana karatasi ya kuzaliwa? Hakuna. Pale kwenye meza ya kuandikisha humuuliza mtu rika lake, yaani alitahiriwa mwaka gani, na mzee aliyeketi hapo anathibitisha. Mimi natoka mbali, Fort Hall ndani kabisa. Hapa hakuna anayemjua mama yangu. Nitajitia katika rika la mwaka wa homa kubwa, ile iliyoua watu baada ya vita vya Mjerumani. Hao sasa wamevuka hamsini. Na habari zao nazijua zote: mto waliooga, wimbo waliokatazwa, kijana aliyezimia. Mzee Gichuru ni wa rika hilo, na amenisimulia kila Jumapili mwaka mzima nikinywa chai yake na kujifanya nasikiliza. Kumbe nilikuwa nasikiliza!

Ruiru siendi. Nitajiandikisha meza ya Thika, ambako mzee wa kuthibitisha ni mwingine. Nimemwambia Mbuvi. Aliuliza, “Na hilo rika, ukishaingia unatokaje?” Wakamba hupenda maswali.

Jumanne, 16 Oktoba.

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Nilifika mezani saa tatu. Karani kijana, kalamu nzuri. Elimu, akapiga muhuri. Jeshi, akapiga muhuri. Umri, nikasema kwa sauti nzito, rika la mwaka wa homa. Karani akasema tumsubiri mzee wa kuthibitisha, yule wa Thika ameumwa jino, wameletewa mwingine kutoka Ruiru. Mlango ukafunguka.

Ngai, Mungu wangu! Mzee Gichuru!

Ningeweza kukimbia. Nikavua kofia. Aliketi, akanitazama kipara, akaniuliza kama nimesikia vizuri swali la karani. Na mimi, mjinga wa kuzaliwa, mdomo wangu ukaendelea wenyewe. Nikataja mto. Nikataja baridi ya asubuhi ile. Nikamtaja hata yule aliyezimia, na jinsi walivyomficha ili asichekwe. Nilikuwa namrudishia mzee hadithi zake mwenyewe, moja moja. Nilingoja anipige bakora.

Mzee aliiweka bakora mezani. Kisha machozi yakamtoka. Akainuka, akanikumbatia mbele ya karani, akasema, “Wakini! Wewe ni rika langu na mwaka mzima unakunywa chai yangu kimya?” Akasema ndiyo maana nilikuwa nasikiliza kwa makini vile, vijana wa siku hizi hawasikilizi. Akasema mimi lazima nilitahiriwa kundi la ng'ambo ya mto, ndiyo maana hakunikumbuka.

Karani akapiga muhuri wa tatu. Nikatia sahihi chini ya maneno marefu ya Kiingereza ambayo sikusoma.

KURA TATU! Nimeonyesha kadi landi nzima. Mbuvi ameigeuza huku na huku akairudisha bila kucheka, jambo ambalo si kawaida yake.

Jumapili, 21 Oktoba.

Nimekwenda Ruiru kuvuna. Suti, kadi mfukoni, mafuta ya nazi kichwani. Mzee alinipokea langoni akanishika mkono kama bibi harusi mpaka kiti cha heshima, karibu na chake. Nikasema moyoni, leo jibu linatoka.

Wakonyo akaleta chai. Kwa kawaida hunipa kikombe kwa mkono mmoja na kunitania kuhusu kofia. Leo alileta kwa mikono miwili. Akainama. Akasema bila kunitazama usoni, “Karibu chai, Baba.”

Baba!

Nilidhani anamwambia mzee. Mzee alikuwa tayari ana kikombe.

Kisha mzee akaeleza, akicheka kwa furaha, kwamba ameondolewa mzigo. Alikuwa hajui amjibu nini yule Zacharia mwenye kuomba binti, maana yeye mzee alimpenda kijana huyo, na Muigai naye ana mali. Sasa Mungu ameamua. Binti wa rika lako ni binti yako wa kumzaa. Kumwoa ni mwiko mkubwa, watu wa zamani wangetafuta kondoo wa kutakasa boma zima, na hata sisi Wakristo hatuoi hivyo. Alisema anajua nilipouliza sikujua kwamba kundi letu la ng'ambo ya mto ni rika moja na lake, kwa hiyo amenisamehe. Akanimegea kiazi.

Nilikula kile kiazi. Hakikushuka mpaka nilipovuka mto Theta njiani kurudi.

Amesema alimpenda yule kijana. Alinipenda mimi! Wa kura mbili!

Jumatano, 24 Oktoba.

Nimeamua kukiri. Asubuhi nilikwenda ofisi ya kuandikisha wanifute ile kura ya tatu. Ukutani kuna tangazo, lipo pia kwa Kiswahili. Nimelisoma mara mbili. Atakayesema uongo kwenye fomu hupoteza kura zake zote na aweza kufungwa. Karani akaniuliza, “Nikusaidie, mzee?” Nikamwambia nimepita tu kusalimu.

Basi nikaamua kukiri kwa Mzee Gichuru pekee, kisirisiri. Nilimkuta shambani kwake, mahali paitwapo Kiuu, akikagua mahindi. Nikaanza. Nikasema kuna jambo la mwaka ule wa homa nataka kumwambia. Akanishika bega akasema anajua, hata yeye hulala akiliwaza. Kisha akaanza kuwataja kwa vidole. Walikuwa ishirini na mmoja. Saba walichukuliwa na homa kabla majeraha hayajapona. Wengine maradhi, wengine shamba la mkonge, wawili katika mambo ya miaka hii, mmoja kila upande. Vidole vilipokwisha alianza tena. Akasema tangu mwaka juzi amekuwa peke yake, hana hata mtu mmoja wa kumwita kwa jina lake la ujana. Akaniomba nimwite.

Nilimwita. Nalijua. Alinisimulia mwenyewe.

Sikukiri. Nililia kidogo juu ya baiskeli, na nikamwambia askari wa kizuizi cha barabarani ni vumbi.

Jumamosi, 3 Novemba.

Wakonyo amekuja Thika! Alikuja kujiandikisha. Mshtuko: wanawake nao wanapimwa, na amepewa kura mbili. Alinikuta kwenye mizani akaniambia nishushe gunia kwanza.

Anajua. Nilisahau kwamba mwezi wa tano nilimwambia nilizaliwa mwaka ambao baba yake alinunua ng'ombe wa kwanza, na mwaka huo anaujua hata mtoto wa kwao. Nilingoja aniite mwongo. Hakuniita. Alisema baba yake sasa analala usiku kucha, anaamka akipiga mluzi, na hatamwambia kitu. Mimi pia nisithubutu kumwambia. Nikimnyang'anya mzee rika lake la mwisho, Wakonyo mwenyewe atanilaani.

Nikamuuliza, na sisi je?

Alifuta vumbi la kahawa kwenye mkoba wake. Kisha aliniuliza swali moja: “Hizo mbili zilikuwa na kasoro gani?”

Nimelifikiria jioni nzima. Pale kwenye mizani nilimwambia tu kwamba Muigai alikuwa na tatu. Alinitazama namna anavyomtazama mtoto wa darasa la pili aliyekula chaki, akasema hakumwomba mtu yeyote kura. Akaenda zake.

Nampenda. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine naruhusiwa kusema.

Jumamosi, 15 Desemba.

Leo Muigai ameleta wazee wake Ruiru. Mimi nilikuwa upande wa wazee wa binti. Mkono wa kuume wa Mzee Gichuru! Nilijaribu kuumwa tumbo tangu Alhamisi. Mzee alinitumia dawa, na teksi.

Wazee wa Muigai waliponiona walinivulia kofia. Muigai mwenyewe alikuja, akainama mpaka nikaona kisogo chake, akasema, “Baba, naomba baraka zako.” Kijana amenizidi miaka miwili!

Mzee alinigeukia kwa furaha niseme kwa niaba yake. Watu arobaini. Wakonyo alisimama mlangoni na mamake na shangazi zake. Alinitazama, mara ya kwanza tangu siku ile ya mizani. Nikajua naweza kusema neno moja tu na yote yaanguke: harusi, kadi, mimi, na yule mzee.

Nikasema tumekubali. Nikasema binti yetu amelelewa vizuri, ana akili, ana kura mbili za jasho lake mwenyewe, na atakayemtia machozi atanijibu mimi. Sauti ilivunjika hapo. Akina mama walisema ndivyo baba wa kweli alivyo, wakapiga vigelegele. Nimepewa figo la mbuzi, sehemu ya heshima. Lilikuwa na chumvi nyingi au sijui ni nini.

Mzee amenisindikiza hadi barabarani akiimba ule wimbo uliokatazwa. Tumeuimba pamoja.

Jumatatu, 11 Machi 1957.

Siku ya kura! Sijalala. Nimefika kituoni saa kumi na mbili, wa saba kwenye mstari, na wale sita wa mbele wakanipisha kwa sababu ya uzee. Mzee Gichuru alinishika mkono. Wakonyo na Muigai, sasa mke na mume, walikuwa nyuma yetu, yeye na zake mbili, mumewe na zake tatu. Walikuwa wakibishana kwa kunong'ona. Nilimsikia mke akisema zake hazifuati za mtu.

Wagombea ni watatu. Kabla ya kuingia nilifuatwa na mtu wa mgombea wa kwanza, akaniita mzee wa kura tatu, akanipa chai. Halafu mtu wa pili, chai na mandazi. Halafu wa tatu, ambaye aliniita tegemeo la wilaya. Sijaitwa hivyo tangu kuzaliwa, kwa umri wowote. Nikaingia nyuma ya pazia na karatasi tatu na tumbo limejaa.

Nilishtuka. Hakuna mtu! Hakuna mstari wa kusimama nyuma yake, hakuna sikio la karani, hakuna shemeji wa kunikazia macho. Ni mimi na penseli iliyofungwa kwa kamba. Kwa jambo hili nilikuwa nimeacha mke. Nilifikiria kwa makini kuliko nilivyowahi kufikiria. Kila mmoja alinipa chai. Kila mmoja alikuwa na adabu. Nikampa wa kwanza kura moja. Wa pili moja. Wa tatu moja. Hakuna wa kunung'unika.

Nje Wakonyo alikuwa akifunga kilemba. Alinisalimu vizuri, akauliza kama Baba amepiga salama. Nikasema zote tatu. Akatabasamu kidogo, tabasamu la zamani. Akaenda kumshika mkono mzee kwenye ngazi.

Jioni nilimweleza Mbuvi hesabu yangu. Alilala chali sakafuni kwa kicheko, akapiga ukuta, akasema ni sawasawa na kama ningebaki nimelala nyumbani, kwa kuwa kila kura imemeza nyingine, na kwamba kura yake moja leo imekuwa na nguvu kuliko zangu zote. Nimemwambia wivu utamuua. Wanaume watatu wakubwa wa nchi hii watalala leo wakijua Zacharia Kang'ethe hakuwaangusha. Yeye amemfurahisha mmoja tu!

Sasa hivi Mbuvi amegonga ukuta akasema amesikia kwamba uchaguzi ujao wagombea huenda wakawa wanne. Nimeketi kitandani, taa iko chini, natoka jasho. Ya nne nitaitoa wapi?